Muhammad bin Musa al-Khwarizmi: Mwanachuoni Aliyetuachia Aljebra



Jioni nyingi, baada ya darsa kumalizika, baadhi yenu hubaki mkekani na daftari za shule. Msahafu umefungwa, kazi ya nyumbani ya hesabu imefunguliwa, na swali la kwanza ni lile lile: tafuta thamani ya x. Wapo wanaokunja uso na kusema kwamba hiyo x ni mambo ya Wazungu, na kwamba haina uhusiano na mambo tunayosoma hapa. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya wanaoipenda hesabu pia, toleo hili tumemchagua mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku duniani na watu wasiojua kuwa wanamtaja. Herufi x yenyewe kweli ilitoka Ulaya, kwa Mfaransa René Descartes, katika kitabu chake cha mwaka 1637. Lakini kazi inayofanywa na herufi hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 800 wakati huo, na iliandikwa Baghdad, kwa Kiarabu, na mtu aliyekuwa akifikiria mirathi.

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Allah amrehemu, alizaliwa karibu mwaka 780 Miladia, ambao ni karibu mwaka 164 Hijria. Jina lake ni nisba, maana yake mtu wa Khwarizm. Hilo ni eneo la kusini mwa Bahari ya Aral, kwenye mto ambao Waarabu waliuita Jayhun na leo unaitwa Amu Darya, katika nchi za sasa za Uzbekistan na Turkmenistan. Maisha yake ya kazi yalikuwa Baghdad. Mji huo ulikuwa bado mchanga, kwani khalifa Abu Jaafar al-Mansur aliuanzisha mwaka 762 (145 Hijria) kando ya mto Dijla. Ndani ya miaka hamsini ukawa mahali ambapo mtu wa Uajemi, mtu wa India, Myahudi na Mkristo wa Syria waliweza kukaa chumba kimoja na kujadiliana juu ya nyota. Karatasi nayo ilikuwa imekwishaanza kutengenezwa hapo hapo mjini, jambo ambalo sisi tunaoitupa hovyo hatulipi uzito. Bila karatasi rahisi, kitabu ni mali ya mfalme peke yake.

Khalifa al-Maamun, mtoto wa Harun al-Rashid, alitawala tangu mwaka 813 hadi 833 (198 hadi 218 Hijria). Huyu alipenda elimu kwa kiasi cha kuitolea fedha, na wako wengi wanaoipenda kwa maneno tu. Katika hazina yake ya vitabu, mashuhuri kwa jina la Bayt al-Hikma, yaani Nyumba ya Hekima, vitabu vya Kiyunani, Kihindi na Kiajemi vilikusanywa, vikatafsiriwa na kusahihishwa. Ibn al-Nadim, aliyeandika orodha yake kubwa ya vitabu mwaka 987, anamtaja al-Khwarizmi miongoni mwa waliofanya kazi katika hazina hiyo, na anaeleza kuwa watu walizitegemea jedwali zake za nyota.

Hapo ndipo al-Khwarizmi alipoandika kitabu kifupi juu ya hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Alikiandika wakati wa al-Maamun, na kwa kawaida hutajwa mwaka 820 kwa makadirio. Katika utangulizi anamshukuru Mwenyezi Mungu, kisha anasema kwamba khalifa ndiye aliyempa moyo wa kuandika kitabu kifupi chenye yale yaliyo mepesi na yenye manufaa zaidi katika hesabu: yale ambayo watu huyahitaji daima katika mirathi, wasia, kugawana mali, kesi na biashara, na pia katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Someni tena orodha hiyo. Hakuna ndani yake hata kitu kimoja ambacho mtu wa Musoma, Bunda au Butiama hakijui. Katika utangulizi huo huo anataja watu wa aina tatu wanaoandika vitabu: anayetangulia kugundua jambo, anayefafanua lililoachwa gumu na waliomtangulia, na anayekuta kosa katika kitabu akalirekebisha bila kujisifu wala kumdharau mwenye kitabu.

Sasa tuingie ndani ya kitabu chenyewe, maana maisha ya mwanachuoni ni kazi yake.

Al-Khwarizmi hakutumia alama yoyote. Hakuna x, hakuna alama ya kujumlisha, hata tarakimu hazimo. Kila namba imeandikwa kwa maneno. Kile kisichojulikana alikiita kitu, au mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe, alichopata alikiita mali, neno lile lile tunalolitumia sisi. Namba ya kawaida aliiita dirham mara nyingi. Neno al-jabr maana yake ni kurudisha kilichovunjika, kama mganga wa mifupa anavyounga mkono wa mtu aliyeanguka. Katika hesabu, upande wenye upungufu unajazwa, na upande wa pili unaongezewa kiasi hicho hicho. Al-muqabala ni kukabilisha: vitu vya jinsi moja vinawekwa mkabala, na kinacholingana kinaondolewa pande zote mbili. Ninyi shuleni mnaambiwa kuhamisha na kubadilisha alama. Hiyo ni njia ya mkato, na hatari yake ni kwamba mtoto anabadilisha alama bila kujua kwa nini inabadilika.

Chukueni swali hili kutoka katika kitabu chake. Gawa 10 katika mafungu mawili, zidisha kila fungu kwa lenyewe, na majibu hayo mawili yakijumlishwa yapatikane 58. Mafungu hayo ni yapi?

Fungu la kwanza liite kitu. La pili basi ni 10 kasoro kitu. La kwanza likizidishwa kwa lenyewe ni mali moja. La pili likizidishwa kwa lenyewe ni 100 na mali moja kasoro vitu 20. Jumla ni 100 na mali mbili kasoro vitu 20, na hiyo ni sawa na 58. Upande wa kwanza una upungufu, umevunjika. Tunauunga kwa kuurudishia vitu 20, na upande wa pili tunauongezea vitu 20 vile vile: 100 na mali mbili ni sawa na 58 na vitu 20. Hiyo ni al-jabr. Tunagawa yote kwa mbili: 50 na mali moja ni sawa na 29 na vitu 10. Sasa 29 ipo pande zote mbili, tunaiondoa: 21 na mali moja ni sawa na vitu 10. Hiyo ni al-muqabala. Kwa alama za siku hizi mngeandika x² + 21 = 10x.

Kuanzia hapo ana kanuni. Chukua nusu ya idadi ya vitu, yaani 5. Zidisha kwa yenyewe, upate 25. Toa 21, inabaki 4. Kipeuo chake cha pili ni 2. Itoe 2 katika 5, unapata 3; au iongeze, unapata 7. Mafungu ni 3 na 7: 9 na 49 ni 58. Na al-Khwarizmi anatahadharisha kwamba kama ile 25 ingekuwa pungufu ya namba inayotolewa, swali lisingekuwa na jibu. Kumwambia mwanafunzi kwamba swali jingine halina jibu, naye asijilaumu, ni ualimu wa hali ya juu.

Milinganyo yote ya namna hii aliipanga katika aina sita, na kila aina akaipa kanuni yake. Lakini hakuishia kwenye kanuni. Kwa zile aina tatu ngumu alichora michoro kuonyesha kwa nini kanuni ni ya kweli. Mfano wake mashuhuri ni mali na mizizi 10 sawa na dirham 39. Chora mraba ubaoni, kila upande wake ni kitu. Ile mizizi 10 igawe katika sehemu nne, kila moja ni mbili na nusu, na kila upande wa mraba ubandike mstatili wenye upana wa mbili na nusu. Sasa una umbo kama msalaba, na eneo lake lote ni 39. Pembe nne ziko wazi. Kila pembe ni mraba mdogo wa mbili na nusu kwa mbili na nusu, yaani sita na robo, na zote nne ni 25. Zijaze. Umbo limekuwa mraba mkubwa wenye eneo la 39 na 25, ambazo ni 64, kwa hiyo upande wake ni 8. Ondoa mbili na nusu kulia na mbili na nusu kushoto, yaani 5, na kinachobaki ni 3. Mali ni 9, mizizi 10 ni 30, jumla 39. (Mwalimu wenu wa sekondari atadai pia jibu la pili, −13. Al-Khwarizmi hakuhesabu majibu yaliyo chini ya sifuri, kwa kuwa upande wa mraba hauwezi kuwa pungufu ya kutokuwepo.)

Mwanafunzi aliyeuchora mraba huo kwa mkono wake mwenyewe hatahitaji kunakili jibu la mwenzake, maana atakuwa ameona 64 inakotoka. Kuna tabia ya kuandika jibu tu, na hatua zikaachwa, eti muhimu ni kupata. Tazameni nusu ya pili ya kitabu, ambayo watu wengi wakitaja aljebra huisahau. Ni maswali ya wasia na mirathi, moja baada ya jingine, na humo ukikosea hatua moja, kinachopotea ni haki ya mtu.

Hili ni mojawapo. Mtu amefariki akaacha watoto wawili wa kiume, na ameusia thuluthi ya mali yake apewe mtu baki. Ameacha dirham 10 taslimu, na dirham 10 nyingine ni deni analodai kwa mmoja wa watoto hao, naye hana cha kulipa. Mwenye haraka atasema mali ni 20, igawe kwa tatu, kila mmoja sita na thuluthi mbili. Haya, mpe huyo wa wasia sita na thuluthi mbili, na mpe mtoto asiye na deni sita na thuluthi mbili. Zinahitajika 13 na thuluthi, na sandukuni mna 10. Ugomvi umeanza, na marehemu hajamaliza hata arubaini.

Al-Khwarizmi anafanya hivi. Sehemu ya urithi ya mtoto mwenye deni itakatwa katika deni lake. Kiasi hicho hatukijui, basi tukiite kitu. Mali inayogawanywa ni 10 na kitu. Thuluthi yake inakwenda kwenye wasia, na thuluthi mbili zilizobaki wanagawana ndugu wawili, kwa hiyo kila mmoja naye anapata thuluthi moja ya 10 na kitu. Lakini sehemu ya mwenye deni ndiyo kile kitu. Hivyo kitu kimoja ni sawa na tatu na thuluthi pamoja na thuluthi ya kitu. Ondoa thuluthi ya kitu pande zote mbili: thuluthi mbili za kitu ni tatu na thuluthi. Kitu ni 5. Mali ni 15. Mwenye wasia anapewa 5, ndugu asiye na deni 5, na zile 10 taslimu zimetosha bila kupungua wala kuzidi. Mwenye deni hapokei kitu mkononi, 5 zake zimekatwa katika deni.

Swali jingine ni la mwanamke aliyefariki akaacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu, na ameusia thumni na subui ya mali, yaani moja ya nane na moja ya saba, kwa mtu baki. Wanaosoma faraidhi wanajua kuwa mume hapo ni robo, na mtoto wa kiume hupata sehemu ya mabinti wawili, hivyo warithi wanagawana hisa 20: mume 5, wa kiume 6, kila binti 3. Wasia nao ni 15 katika 56, ambayo haivuki thuluthi. Ili wasia na hisa zote zitoke bila vipande, mali inagawanywa hisa 1,120. Ziseme ni shilingi 1,120,000. Wasia ni 300,000, mume 205,000, mtoto wa kiume 246,000, na kila binti 123,000. Jumlisheni wenyewe mhakikishe.

Kazi zake nyingine nitazipitia kwa haraka, ingawa kila moja ingetosha kumpa mtu jina. Aliandika jedwali za nyota. Aliandika juu ya kalenda ya Mayahudi. Aliandika pia juu ya namba za Kihindi, zile tarakimu tisa na kiduara cha mahali patupu, ambacho Waarabu walikiita sifr nasi tukakirithi kwa jina la sifuri. Kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini huko Ulaya katika karne ya 12, wasomaji walianza kuiita hesabu ya namna hiyo kwa jina la mwandishi, Algoritmi. Ndiko lilikotoka neno algorithimu, yaani mpangilio wa hatua za kutatua jambo, ambazo kompyuta na simu hufuata. Na kitabu cha al-jabr kilitafsiriwa na Robert wa Chester mwaka 1145, huko Segovia nchini Hispania, na neno al-jabr likawa aljebra.

Kazi moja lakini inatugusa sisi watu wa ziwani. Ni kitabu chake cha sura ya ardhi, chenye vipimo vya mahali zaidi ya 2,400: miji, milima, bahari, visiwa na mito. Alianzia kwa Ptolemy wa Misri, kisha akasahihisha mengi. Nakala ya kitabu hicho iliyonakiliwa mwaka 1037 imehifadhiwa Strasbourg, Ufaransa, na ndani yake mna ramani ya mto Nile. Ramani hiyo inaonyesha vijito vinavyoshuka kutoka Mlima wa Mwezi na kuingia katika maziwa ya kusini, na kutoka kwenye maziwa hayo mto unashika njia ya kaskazini hadi Misri. Hakuiona Nyanza kwa macho, na maziwa yake hayalingani na ramani za leo. Hata hivyo, zaidi ya miaka 1,000 kabla ya John Hanning Speke kufika kusini mwa ziwa letu mwaka 1858, katika meza ya Baghdad kulikuwa na mtu aliyeandika kwamba Nile inatoka maziwani. Maji ya mto Mara yanayoingia ziwani karibu na hapa ni sehemu ya safari hiyo.

Al-Khwarizmi alifariki karibu mwaka 850, sawa na mwaka 235 au 236 Hijria.

Kuna waliouliza kama yeye ndiye aliyeanzisha pia hesabu za uwezekano, mnazozikuta sekondari. Hapana. Hata hivyo mji wake haukuwa mbali nazo. Al-Kindi, aliyekuwa Baghdad zama hizo hizo na kufariki karibu mwaka 873, alieleza namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi ipi inajirudia zaidi. Hiyo ni kuamua jambo usilolijua kwa kuhesabu yanayotokea mara kwa mara. Nadharia yenyewe iliandikwa Ulaya, katika barua za Pascal na Fermat za mwaka 1654, waliokuwa wakijadili namna ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa kati. Kwetu kamari ni haramu na hilo halina mjadala, ila elimu iliyotoka humo imekwenda kwenye hospitali na utabiri wa mvua, na haina kosa. Angalieni pia kwamba Pascal na Fermat nao walikuwa wakiuliza swali la kugawa: nani anastahili kiasi gani.

Tena kanuni ya mzee wetu inafanya kazi huko. Mfuko una shanga, na 4 kati yake ni nyeusi. Ukitoa shanga mbili mfululizo bila kuangalia wala kurudisha, uwezekano wa zote mbili kuwa nyeusi ni 1/6. Mfuko una shanga ngapi? Idadi yote iite kitu. Ya kwanza kuwa nyeusi ni 4 katika kitu. Ya pili ni 3 katika kitu kasoro moja. Zikizidishwa, ni 12 katika mali kasoro kitu, na hiyo ni 1/6. Kwa hiyo mali kasoro kitu ni 72. Ziba upungufu: mali ni sawa na kitu kimoja na 72. Nusu ya idadi ya vitu ni nusu. Kwa yenyewe ni robo. Ongeza 72, ni 72 na robo. Kipeuo chake cha pili ni nane na nusu. Ongeza ile nusu. Shanga ni 9.

La mwisho nawaachia, nalo limo katika kitabu chake: mizizi 3 na 4 ni sawa na mali moja. Tumieni kanuni hiyo hiyo ya shanga, kisha mchore mraba. Atakayeleta jibu bila hatua atarudishiwa karatasi yake.